Unga Chini ya Jani la Mzabibu

Kitu cha kwanza alichokiona Merina kilikuwa kidogo mno: unga mweupe chini ya jani moja la mzabibu. Aliufuta kwa kidole. Kesho yake majani yalikuwa saba.

Kiwanda cha mvinyo kilitaka kujua ni wapi katika Bonde la Kilombero zabibu zingekubali. Kilipanda mashamba mawili ya majaribio: moja Uchindile, kwenye baridi na miteremko, na jingine Michenga, kwenye udongo mweusi wa mpunga. Hili la Michenga alilitunza Mzee Evaristo, baba mkwe wake Merina. Naye alilizungushia kingo za kutuamisha maji, kama jaruba la mpunga, kwani kwake mmea usiokanyaga maji ulikuwa na kiu.

Kazi ya Merina ilikuwa kuandika hali ya mizabibu kwenye daftari kila jioni. Mama mkwe wake, Odilia, alitamba kisimani: "Mkwe wangu karani. Wenu wanajua kupepeta tu." Merina aliinamisha uso. Kila jioni aliandika neno moja: salama. Unga ulipotapakaa shamba zima, aliandika salama.

Siku ya Ijumaa alikuja Octavian, bwana shamba wa kiwanda. Alitazama mizabibu akiwa barabarani, viatu vyake vikiogopa tope. Kwa mbali ilikuwa kijani. Akafungua daftari. Salama, salama, salama. Alifurahi, akasema daftari la Uchindile limejaa malalamiko ya upepo, hivyo miche yote mipya itashushwa Michenga Jumatatu. Mzee Evaristo hakungoja. Alichukua jembe aende kung'oa mpunga wake, chakula cha nyumba nzima cha mwaka, ili apishe zabibu.

Merina alichuma jani moja, akakimbilia barabarani. Octavian alikwisha kuwasha pikipiki alipomwona amesimama mbele ya gurudumu, mkono umenyooka, jani limegeuzwa.

Octavian alizima pikipiki, akavua viatu, akaingia topeni. Aligeuza jani baada ya jani. Aliporudi alisema ni ukungu, na mizizi inaoza kwa maji yaliyotuama. Angeambiwa mapema, kingo zingevunjwa na dawa ikapigwa. Sasa miche itapelekwa Uchindile. Mpunga usiguswe.

Mzee Evaristo aliegemea jembe. "Mwanangu, mbona daftari linasema salama?"

Merina alitazama vidole vya miguu yake. Neno ambalo hakuwahi kumwambia hata mumewe lilimtoka taratibu.

"Baba, ndilo neno pekee ninalojua kuandika. Niliishia darasa la kwanza. Niliona aibu."

Msimu ule mpunga ulijaza ghala, lakini mizabibu ya Michenga haikutoa hata kichala kimoja. Hakika, mficha uchi hazai.