Maziwa ya Mkung'uta Magunia

Tajiri mmoja alikuwa na kiwanda cha mikate, na mkate wake ulikuwa laini, mji mzima ukiusifu. Hakutaka hata inzi atue juu yake. Ukitoka tanurini tu, ulifunikwa kwa vitambaa vyeupe. Katika kiwanda hicho alikuwamo mfanyakazi aitwaye Semvua, na kazi yake ilikuwa kukung'uta magunia yaliyokwisha, ili unga uliong'ang'ania kwenye nyuzi usipotee. Tajiri alisema kutupa unga ni kufuru. Tena madirisha yalifungwa wakati wa kukung'uta, maana upepo ungeupeperusha unga wa tajiri. Basi vumbi lilibaki ndani, na Semvua alibaki nalo.

Mwanzoni alikohoa. Kisha kifua kikaanza kupiga mluzi, wenzake wakamtania kwamba amemeza filimbi. Alicheka nao, hadi siku aliposhindwa kupanda kilima cha kwenda kwake, akaketi njiani, na mkewe akaja kumshika mkono kama mzee. Daktari alimwambia waziwazi kwamba ni unga unaomziba, na asipoepukana nao pumzi itamwishia. Semvua akaenda kwa tajiri kuomba dirisha moja tu lifunguliwe. Tajiri hakukasirika. Alikuwa mtu mwema, au ndivyo alivyojiona. Dirisha alikataa, lakini akaagiza Semvua apewe kikombe cha maziwa kila asubuhi, kwa kuwa pale kiwandani wote waliamini maziwa husafisha kifua. Semvua aliyanywa. Maziwa yakaenda tumboni yanakokwenda maziwa, na unga ukazidi kwenda kifuani.

Ikatokea mashine ya kukandia ikazima. Fundi akaifungua, akakuta imejaa unga ndani, akasema imevuta vumbi kupita kiasi, na ikiachwa hivyo itakufa. Ungemwona tajiri siku ile! Jasho lilimtoka, mikono kichwani, kama aliyefiwa. Kabla juma halijaisha mashine ilikuwa imejengewa chumba chake chenye madirisha mapana, imeshonewa kifuniko cha turubai, na mtu amewekwa wa kuipangusa. Magunia yakabaki kulekule kwenye chumba kilichofungwa, na Semvua naye.

Tajiri akawaita wafanyakazi wote waje waone chumba kipya. Wakasifu, kama inavyotakiwa. Semvua alisimama ameegemea ukuta, akitafuta pumzi ya kusemea, na alipoipata akauliza:

"Tajiri, mbona mashine hukuipa maziwa?"

Tajiri alisema huyu hana shukrani, amelishwa na kunyweshwa na bado anatukana, akamwachisha kazi palepale. Kesho yake mtu mwingine, mwenye kifua kizima, alikabidhiwa magunia yale, na kikombe kilekile cha maziwa. Madirisha yakafungwa.

Na mkate, inauma kusema, haukubadilika ladha hata kidogo. Basi ninyi mnaoumega asubuhi na kumshukuru Mungu kwa sauti, nijibuni: Muumba alipopuliza pumzi yake, alimpulizia nani, mashine au Semvua?