Ukuta wa Mize

Sogeeni, wapenda utamu. Wenye kijicho kaeni mbele kabisa, kisa ni chenu.

Mize, mke mkubwa, na Mwanatumu, mke mdogo, walipanda mahindi matamu katika ua mmoja. Mwanatumu alijaza bustani tele; Mize, kwa uvivu wake, alipanda mstari mmoja tu pembeni. Yalipochanua, mume akawa anayasifia ya Mwanatumu. Roho ikamuuma Mize, akaenda kichuguuni kwa zimwi.

"Niyakaushe?" zimwi likauliza.

"La! Mume atamhurumia."

"Niyang'oe?"

"La! Atampandia mengine kwa mkono wake."

"Basi unatakaje?"

"Upepo ukivuma, vumbi la maua ya mahindi yake linaniangukia kama makombo. Weka ukuta usioonekana, chake chochote kisinifikie!"

Zimwi likacheka, likauweka.

Siku ya kuvuna, mahindi ya Mwanatumu yalijaa punje. Mize akamenya la kwanza: gunzi tupu. La pili: gunzi. La tatu: gunzi! Akarudi kichuguuni akifoka.

"Umeniroga!"

"Sikugusa hindi lako. Mstari mmoja haujitoshelezi kwa vumbi, upepo hulipeperusha lote. Vumbi la mwenzio ndilo lingekupa punje. Wewe ukaliita makombo."

Jioni Mwanatumu, asiyejua lolote, akaja na sahani ya mahindi ya kuchemsha.

"Dada Mize, chukua, yangali moto."

Sahani ikagonga hewani, ko! Mize akanyoosha mkono kwa njaa, na vidole vyake vikaparuza ukuta aliouomba mwenyewe.

Nami nimegota hapo hapo.