Nani Aliyeihifadhi Sauti ya Bibi Tupokigwe?

Sogeeni, na asiyependa kuamua aondoke mapema, maana hadithi hii nitaiacha mikononi mwenu.

Tukuyu palikuwa na ofisi ya watu watatu waliokusanya nyimbo za zamani za Kinyakyusa. Subilaga alijua kuwafanya wazee wafungue vinywa. Ambakisye alijua tabia za kompyuta kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Tumpe hakuwa na kipaji cha kutamba nacho ila kimoja: hakuweza kuona kazi imeachwa nusu akaipita, hata kama si yake.

Kazi zao walizituma kwenye hifadhi moja ya mtandaoni, waliyoiita ghala. Ghala hilo lina masharti. Faili jipya haliingii kwa kutupwa tu ndani ya folda. Kwanza uliite kwa jina lake, kisha ulitie muhuri wa maneno machache, ndipo ulisukume liende. Na ghala huandika jina moja tu, la aliyetia muhuri.

Subilaga alikwenda kwa Bibi Tupokigwe miezi minne. Alikaa naye mkekani, akamsaidia kuchambua maharage, akarekodi kwa simu yake nyimbo arobaini za kubembeleza watoto ambazo hakuna mwingine aliyezijua. Akarudi, akafungua folda mpya kwenye kompyuta ya ofisi, akaiita "Bibi", akazimwaga humo zote, akazifuta kwenye simu ili apate nafasi. Akatangaza kwamba zimeshaingia ghalani. Haukuwa umeingia hata mmoja.

Ambakisye ndiye aliyegundua. Ghala lilikuwa haliioni kabisa folda ile, kwa sababu lina orodha ya vitu vya kurukwa, na mafaili ya sauti yamo. Orodha hiyo aliiandika yeye mwenyewe mwaka uliopita, ghala lisije likajaa, na hakumwambia mtu. Aliufuta mstari huo wa sauti, akaziita kwa majina nyimbo zote arobaini, mmoja baada ya mwingine, akisikiliza kama kila mmoja ni mzima. Saa kumi na moja jioni akachoka, akaenda zake bila kutia muhuri.

Asubuhi Tumpe akaikuta kazi imeachwa katikati. Hakuuliza ni ya nani. Akatia muhuri, akasukuma, akakaa saa tano mtandao ukikatika na kurudi, mpaka harusi ya binamu yake ikampita. Kwenye muhuri aliandika: "Vitu vidogo vidogo."

Wiki hiyohiyo mvua ikapita kwenye bati bovu, kompyuta ikalowa, ikafa. Mwezi uliofuata Bibi Tupokigwe naye akafariki.

Basi binti wa marehemu, Mama Anyitike, akaja ofisini na mkeka wa milulu, nyasi za kinamasini, umeviringishwa, wa mwisho kusukwa na mama yake.

"Mama ameacha neno," akasema. "Apewe yule aliyeihifadhi sauti yake. Mkeka haukatwi, kwa hiyo nitajieni jina moja."

Tumpe akafungua ghala kwenye kompyuta mpya. Subilaga akaziona nyimbo zake arobaini, jina la Tumpe, na maneno yale matatu.

"Vitu vidogo vidogo," akasema. "Miezi minne nimekaa kwenye mkeka huu, Tumpe, nawe unaandika vitu vidogo vidogo."

"Dada Subi, sikujua kilichomo."

"Ndilo hilo linaloniuma. Hukujua, na jina ni lako."

"Ningengoja nijue, mvua ingenikuta nangoja."

"Na mimi je?" Ambakisye akadakia. "Jina langu halipo popote. Bila mimi Tumpe angesukuma hewa."

"Wewe nyamaza. Orodha ya kuruka aliiandika nani?"

"Na aliyetangaza kwamba zimeingia ni nani?"

Subilaga alipiga meza kwa kiganja. Alitaka mkeka ule kuliko alivyowahi kutaka kitu, na aliwachukia wote wawili kwa kumlazimisha auombe.

Mama Anyitike akawaomba, kabla hawajavunja meza, wamsikilizishe sauti ya mama yake. Tumpe akaufungua wimbo wa kwanza. Bibi akaimba, akanyamaza, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, utaniweka mahali nisipotee?"

Na sauti ya Subilaga ikajibu upesi: "Ukishaingia humu simuni tu, bibi, umeshahifadhiwa."

Hakuna aliyemtazama. Hasira ya Subilaga haikuisha, ila sasa hakujua amwelekezee nani. Mkono wake ulikuwa juu ya mkeka. Hakuuvuta, wala hakuuachia.

Mama Anyitike bado amekaa pale anangoja jina. Mimi nimewakasirikia wote watatu, kwa hiyo msiniulize. Yupo aliyemwimbisha, yupo aliyeziita nyimbo, yupo aliyezisukuma. Je, wewe ungeutoa mkeka kwa nani?