Ombi la Bi Sikudhani

Mwenyekiti wa kijiji, Ndimbo, alikataa katakata kituo cha kupigia kura kipelekwe Lugala, kule mlimani, ambako wazee walishuka mwendo wa saa tatu kwa mikongojo kwenda kupiga kura.

"Anayeipenda nchi hutembea," alisema, akiwa juu ya pikipiki yake.

Siku moja Bi Sikudhani, mfinyanzi wa Lugala, alimjia amevaa kofia ya chama pinzani, akapiga magoti.

"Mwenyekiti, nakuomba, usituletee kituo."

Ndimbo akashangaa. "Si ninyi mliokuwa mkikililia?"

"Ni wazee hao. Kutwa wanakutaja wewe tu! Wameapa kwamba siku wakisogezewa sanduku, hatabaki mtu nyumbani. Mgombea wetu atapona wapi?"

Kabla jua halijachwa, Ndimbo aliagiza kituo kiwekwe Lugala, tena chenye viti na maji ya kunywa.

Siku ya kura wazee walijaa tele, hata waliobebwa mgongoni. Ndimbo aliambulia kura nne.

Alimwendea Bi Sikudhani amefura. "Ulisema wananitaja mimi!"

"Walikutaja, Mwenyekiti. Miaka mitano walikutafuta wasikuone. Ulipowaletea sanduku, ndipo wakakupata."