Rangi Tisa za Krismasi

Mtu mmoja alikuwa na gari alilorithi kwa baba yake, Pijo la zamani, akaliweka katika banda lililoegemea nyumba yake huko Same, pale barabara ya kupanda milima ya Upare inapoanzia. Jina lake Elisaria. Aliishi na mama yake, Bibi Nanzia, mwenye miaka themanini na sita, aliyebakiwa na ombi moja tu: apelekwe kula Krismasi katika kijiji alichozaliwa, juu kabisa, ndani ya gari lilelile lililomshusha akiwa bibi harusi. Gari jingine hakulitaka. Wazee wana haki ya ukaidi wao.

Desturi yetu mnaijua. Desemba ikifika kila mtu anapanda nyumbani, na hakuna anayependa kuonekana amechakaa. Tangu kutu ilipoanza kulila gari, baba yake Elisaria alilipaka rangi mpya kila Desemba, juu ya ile ya mwaka uliopita. Palipotoboka alijaza puti, lile tope la mafundi wa bodi linalokauka likafanana na chuma lisiwe chuma. Mwana aliona, mwana akajifunza. Krismasi ya kwanza baada ya kumzika baba yake, Elisaria alijaza puti, akapaka buluu, akamkalisha mama yake kiti cha mbele. Majirani walisifu. Kwenye kona ya tatu ya mlima sakafu ikaachia, mguu wa Bibi Nanzia ukapita chini, ukaburuzwa barabarani mpaka kiatu kikang'oka.

Hakuvunjika, Mungu ni mwema. Lakini alirudishwa nyumbani amebebwa, akala Krismasi kitandani, wala hakumlaumu mwanawe hata kwa neno moja. Elisaria angependa alaumiwe. Alijionea haya hata chakula kikamshinda.

Mwezi wa kwanza alianza upya. Safari hii hakununua rangi, alinunua msasa. Alikwangua buluu yake, akakuta nyeupe. Akakwangua nyeupe, akakuta kijani, kisha nyekundu, kisha nyingine na nyingine: rangi tisa, nane za baba yake na moja yake mwenyewe. Chini ya zote kutu ilikuwa inakula kwa raha zake, maana hakuna aliyewahi kuisumbua. Alikata kila palipooza. Alikata hata palipoonekana pazima, kama palitoa mlio mbaya alipopagonga kwa nyundo. Kisha akachomelea chuma kipya, kipande kwa kipande. Pasaka ilipita gari halina milango. Waliopita njiani walisema mtu huyu amepewa gari zuri akaliua, na mwinjilisti wa mtaa akauliza kwa upole kama anauza vyuma chakavu.

Desemba ikaja na mvua isiyokatika, na rangi haikauki mvuani. Gari lilikuwa zima, ila sura yake ilikuwa kijivu cha praima, ile rangi ya chini inayotangulia rangi yenyewe, na makovu ya kuchomelea yalionekana kila mahali. Mbonea, mdogo wake, alifika kutoka mjini na gari lake linalong'aa, akalitazama lile la kijivu, akaona aibu ya ukoo mzima. Alimsihi kaka yake apake hata mkono mmoja tu wa rangi, ikauke isikauke. Chini ya rangi kwani nani ataangalia?

Elisaria alifuta mikono yake taratibu. "Mdogo wangu," alisema, "mlima hauangalii rangi."

Mkesha wa Krismasi, asubuhi, walipanda. Ilipofika kona ya tatu Elisaria alikaza mikono kwenye usukani na jasho likamtoka, maana aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Bibi Nanzia aliinua miguu yote miwili, akaishusha, akakanyaga. Chuma kikamjibu. Akakanyaga tena kwa nguvu zaidi, akacheka, akaanzisha pambio, na sakafu ikawa ngoma yake. Wakapanda kona baada ya kona. Waliyapita magari mazuri yaliyosimama kando ya barabara yakitoa mvuke, la Mbonea likiwa mojawapo, naye wakampakia kiti cha nyuma pamoja na mizigo yake. Baada ya kona mbili alikuwa anaimba kama wenzake.

Kijiji kilisikia muungurumo kabla ya kuliona gari. Waliokuwa wakipamba kanisa walitoka nje, wanawake wakapiga vigelegele, na Bibi Nanzia akashuka kwa miguu yake mwenyewe kwenye ua wa waliomzaa. Aliweka viganja vyake viwili juu ya chuma kile cha kijivu, akasema mbele ya wote kwamba hajapata kuona gari zuri kama hili. Elisaria alilia waziwazi kwa furaha, na watu wakamwacha alie.

Basi ninyi mnaojiandaa kwa sikukuu, ni nani kati yenu aliye tayari kuonekana mbaya mwaka mzima?