Mdiria Mwenye Kutu Tumboni

Paukwa. Mbona kimya? Anayetaka kisa changu aitikie. Paukwa. Haya, pakawa hiyo nimeisikia.

Zamani, enzi mto wetu ulipopita kule mnakochunga mbuzi leo, palikuwa na kijiji kikiitwa Vukoni. Maji yakipungua, watu wakalima mpunga. Maji yakifurika, watu wakapanda juu wakangoja. Kungoja si kazi, wajukuu zangu. Kazi ni mbegu. Mbegu zikioza, mto ukirudi chini utapanda nini? Utapanda maneno?

Mbegu za Vukoni zilitunzwa na Hawayu, mjane mwenye mwendo wa haraka na ulimi wa haraka zaidi. Kila mwaka kabla ya masika alijenga ghala jipya, na desturi ilikuwa moja: ghala hukaa juu ya ukingo alikotaga mdiria mkubwa. Ndege huyo huchimba shimo ubavuni mwa ukingo, na wazee walishikilia kwamba hatagi pale maji yanapofika.

Msije mkaniletea mdiria yeyote tu. Yule mdogo anayesimama hewani akipapatika, siye. Huyu ni mkubwa kama kunguru, mgongo mweusi uliomwagikiwa chenga za mchele, ushungi wa kichwani umesimama kama nywele za mtu aliyetoka kulala. Hukaa juu ya tawi akitazama maji, akatazama, akatazama, kisha chubwi! Akimpata kaa humpigapiga kwenye gogo mpaka magando yadondoke.

Basi mwaka huo akaja Komora, ndugu wa marehemu mumewe Hawayu, mtu wa sauti kubwa.

"Shemeji, leta mbegu. Mdiria anachimba hapa hapa nyuma ya nyumba yangu. Mwaka huu hatupandi kilima."

Watu wakafurahi. Nani anapenda kupanda kilima na kapu kichwani?

Hawayu akaenda kutazama. Kweli, udongo ulikuwa ukiruka shimoni. Ndege akatoka, akatua tawini, akapiga kelele kek-kek-kek. Kifua chake chote kilikuwa na rangi ya kutu.

"Shemeji, huyu ni dume," akasema Hawayu. "Jike kifua chake kina madoadoa, kutu yake iko tumboni."

"Dume si mdiria?"

"Ni mdiria. Lakini kuchimba ni kuchumbia. Tungoje mwenye nyumba aseme."

Wakangoja, Komora akiguna. Jike akaja, madoa kifuani, kutu tumboni. Akaingia shimoni. Akakaa kidogo. Akatoka kinyumenyume, akajikung'uta, akaruka zake kuelekea ukingo mrefu wa juu, kule kwenye udongo mgumu. Dume akabaki anapiga kelele peke yake.

"Amekataliwa," akasema Hawayu, na wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Hawayu hakubembeleza mtu. Alijitwika kapu akapanda, na kijiji kikamfuata kikinung'unika. Huko jike alikuwa ametaga katika shimo jingine, na juu ya shimo hilo wakajenga ghala. Komora peke yake akajenga ghala lake nyuma ya nyumba, akabakiza mbegu zake humo. Alishasema mbele za watu, angerudije nyuma?

Masika yakaja. Maji yakapanda, yakapanda, yakapanda. Yakabeba ukingo wa Komora, na shimo, na ghala, na mbegu. Kule juu yakalamba udongo chini kidogo ya shimo la jike, yakasimama. Hawayu alikesha akitazama maji, na alfajiri alipomwona mdiria anaingia na samaki mdomoni, alilia kwa furaha.

Maji yaliposhuka, Komora akaja na kapu tupu, ameinamisha kichwa.

"Kwanza niambie, shemeji," akasema Hawayu. "Jike ni yupi?"

"Mwenye kutu tumboni."

"Na dume?"

"Mwenye kutu kifuani." Kisha Komora akaongeza, "Anayechimba karibu na kwake, kama mimi."

Hawayu akacheka, akamjazia kapu mpaka likafurika. Ndugu hanyimwi mbegu.

Ndiyo maana nawaambia: mchimbaji husifu shimo, mwenye kulala ndani ndiye alijuaye. Mkiitwa kujenga mahali, msimwulize anayepiga kelele. Mwulizeni atakayetaga hapo.

Kisa changu kimefika ng'ambo, kasia nimelilaza. Aliyesikiliza na ashuke, aliyesinzia atabaki majini.