Sahani Yenye Njaa

Nipakue? Semeni, "Pakua!" Haya, kaeni vizuri, maana cha leo ni kichungu.

Palikuwa na Bi Shufaa na binti yake, Mwanatumu. Katika kidaka cha ukutani mwao ilikaa sahani ya kaure ya Kiingereza, ya enzi za mababu, nyembamba kama ganda la yai, ukingo wa dhahabu, katikati umechorwa mwaridi. Haikuwahi kutiwa hata punje ya wali.

Siku moja sahani ikasema, "Bibi, nina njaa."

"Ebo! Wewe ni chombo cha kutazamwa," akajibu Bi Shufaa.

Kesho yake paka wao hayupo. Kumbe yumo sahanini, amelala chini ya mwaridi, rangi tupu! Wageni wakaisifu sahani, Bi Shufaa akatabasamu.

"Bibi, nina njaa."

"Chombo cha kutazamwa wewe!"

Jogoo naye akatoweka, akaonekana amechorwa juu ya mwaridi. Wageni wakazidi kusifu.

Mwanatumu akamshika mama yake mkono. "Mama, itilie wali kidogo tu."

"Niichubue dhahabu yake? Thubutu!"

"Bibi, nina njaa." Safari hii Bi Shufaa hakugeuza hata shingo.

Asubuhi akaita, "Mwanatumu! Mwanatumu we!" Hayupo. Akatazama kidakani. Chini ya mwaridi amesimama msichana, kiganja amekinyoosha.

Bi Shufaa akapiga ukelele, akakimbilia jikoni, akaleta sufuria nzima ya wali, akaumimina wote sahanini.

Sahani ikasema, "Ahsante, bibi. Nimeshiba." Mwanatumu akabaki mle mle, rangi tupu.

Nami hapo nafunika kawa.